Chaki Isiyoandika

Sehemu ya Tano

Waliokwisha kunilaani wiki zilizopita wanaweza kuruka aya chache zinazofuata. Wageni wavute viti.

Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni, mwenye nidhamu njema kila ninapolala. Mama yangu ana karakana ya kutengeneza chaki, na shule yangu ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa. Wiki iliyopita nilikiri mbele yenu kwamba niliyeyusha mishumaa kumi na miwili katika ndoo, ndani ya chumba cha kupigia pasi, nikachovya humo boksi zima la chaki za mama yangu mzazi, nikazikausha, nikazirudisha stoo zikiwa nyeupe kama malaika.

Chaki iliyonyweshwa nta haiandiki. Inateleza tu.

Siku ya wakaguzi, Naibu Mkuu wa shule, ambaye sisi humwita Kengele kwa kuwa haongei bali hulia, alisimama mbele ya wageni wanne wenye tai ili awaonyeshe somo la mfano. Akaandika kichwa cha somo. Ubao ukabaki mweusi. Akaandika tena. Akabonyeza mpaka vidole vikatetemeka. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka muda mrefu kuliko wote. Kwa kosa hilo moja, kucheka kupita kiasi, nilirudishwa nyumbani wiki tatu.

La mishumaa hakuna aliyelijua.

Nilirudi nyumbani nikijihesabu mshindi. Kumbe nilikuwa nimejichimbia kisima, nimeingia mwenyewe, na kamba nimeiacha juu.

Barua ya shule ilifika siku moja baada yangu.

"'Chaki zenu,'" Mama aliisoma kwa sauti, amesimama katikati ya karakana, "'zinateleza kama zimepakwa mafuta. Hatutazihitaji tena.'"

Lile neno mafuta ndilo lililoua.

Nieleze kidogo, maana msipoelewa hapa hamtaelewa kwa nini watu wazima walitaka kutoana macho. Chaki hutengenezwa kwa unga wa jasi uliokorogwa na maji, ukamiminwa katika kalibu za shaba zenye matundu mengi. Kabla ya kumimina, kila tundu lazima lipakwe mafuta kwa brashi, ili chaki itoke nzima. Mafuta yakipungua, chaki inang'ang'ania. Yakizidi, chaki inalainika na kuteleza ubaoni. Ni kazi ya mkono unaojua kiasi, na mkono huo, kwa miaka kumi na mmoja, ulikuwa wa mtu mmoja. Tulimwita Bi Kalibu, na mimi uso kwa uso humwita Mama Mkubwa.

"Nani amepaka mafuta?" Mama aliuliza.

Babu Boksi, mzee wetu wa kugundisha maboksi, aliinamia kopo la gundi kama mtu aliyedondosha kitu humo.

Bi Kalibu hakugeuka. "Unaniuliza mimi?"

"Kuna mwingine mwenye brashi humu?"

"Mwalimu," alimwita kwa cheo chake cha zamani, "nimesema, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe! Ulipaka au ulimwaga?"

"Nionyeshe hiyo chaki."

"Chaki wanayo wao."

"Kwa hiyo hujaiona."

"Barua nimeiona."

"Umeamini karatasi."

"Karatasi haina jeuri kama yako."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, nimevaa aproni ya karakana, nikijifanya ninapanga trei. Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Maneno mawili tu: ni mimi. Nimeshinda mashindano ya hotuba shuleni mara mbili, nimewahi kumlaza mlinzi wa geti kwa maneno matupu. Siku hiyo ulimi wangu ulikuwa mzito kama tofali.

Bi Kalibu alivua aproni yake, akaitundika msumarini taratibu, akaenda kwenye ubao wa kujaribia.

Ubao huo una historia. Kila jasi jipya likikauka, chaki ya kwanza huvunjwa na kuandikiwa hapo, kuona kama inashika. Na tangu karakana ianze, Mama na Bi Kalibu hawakuwahi kuujaribu kwa maneno ya heshima. Mmoja akiandika, "Umechelewa kama mvua," mwenzake anajibu, "Na wewe umewahi kama deni." Walitukanana hapo kila asubuhi ya Mungu, wakafuta, wakafanya kazi wakicheka. Nimekua nikidhani hiyo ndiyo maana ya salamu.

Asubuhi hiyo Bi Kalibu aliandika, "Nimeosha mikono." Akatoka.

Mama akaivunja chaki yake kwa hasira. Akaandika chini yake, kwa herufi kubwa za mwalimu wa zamani, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nami nilikuwa nyuma yake, karibu kama nguo yenyewe. Sikuthubutu hata kujikuna.

Kesho yake tulidhani Bi Kalibu atalala nyumbani, au ataenda kuuza ujuzi wake kwingine. Hatukumjua.

Saa mbili kamili, saa yake ya kuingia kazini, alitokea na kigoda kipya. Akavuka upande wa pili wa barabara, penye baraza ya fundi viatu aliyehama. Barabara yenyewe ni nyembamba, ukipiga chafya huku, kule wanakujibu. Akaweka kigoda akitazama mlango wetu, akaketi, akakunja mikono.

Saa saba akafungua chakula chake, akala. Saa nane akaendelea kukaa. Saa kumi na moja akasimama, akabeba kigoda, akaenda zake.

"Yule amegoma," Babu Boksi alisema.

"Mtu aliyeacha kazi hagomi," Mama alisema. "Anajitia wazimu tu."

"Lakini ametimiza masaa yote, Mwalimu."

"Gundisha maboksi!"

Siku ya pili kigoda kilianza kuzungumza.

Mama alikuwa anatoa trei nje zikaushwe. Amepaka kalibu mafuta mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na kwa hofu ya kuzidisha, alipunguza. Nusu ya chaki ziling'ang'ania shabani, nyingine zikatoka zimekatika viuno.

"Hizo ni chaki au meno ya bibi kizee?" sauti ikavuka barabara.

Mama akageuka polepole. "Mwambieni yule mama wa kigodani hii ni njia ya umma, si mahali pa kutagia."

"Mwambieni mwenye karakana anaanika chaki kwenye kivuli. Kivuli hakikaushi, kinaozesha."

"Mwambieni aliyeacha kazi hana..."

Na hapo, katikati ya tusi lililokuwa linaelekea kuwa zuri, ikatoka kwikwi.

Moja. Kubwa, ya kutoka tumboni, kama mlango uliopigwa teke. Mama akafunga mdomo kwa kiganja. Ikaja ya pili.

"Amemezwa na uongo wake!" Bi Kalibu alisema. Lakini nilimwona akijiinua kidogo kwenye kigoda, kisha akakumbuka kwamba ni adui, akaketi tena.

Kwikwi haikukoma. Si jioni ile, si siku ya tatu. Mama alijaribu maji, alijaribu kubana pumzi. Mimi, kwa nia njema kabisa, nilijificha nyuma ya pipa la jasi nikamrukia nikipiga kelele. Akanipiga kofi moja, kisha kwikwi ikaendelea kama kawaida. Hali chakula, kinamrudi. Halali, inamshtua. Macho yakaingia ndani.

Siku ya nne nikampeleka zahanati.

"Umemeza nini?" muuguzi aliuliza.

"Barua," nikajibu kwa niaba yake.

Muuguzi alinitazama kama wanavyonitazama wote wanaonifahamu kwa dakika moja. Akamrudia Mama. "Kazi yako ni nini, mama?"

"Natengeneza chaki." Kwikwi.

"Nyumbani kuna shida?"

"Hakuna."

Kimya. Hakuna kwikwi.

"Na kazini?"

Kwikwi tatu mfululizo.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Kazini kuna nani?"

"Kuna kazi." Kwikwi. "Nipe dawa."

"Dawa nitakupa. Lakini upumzike kazi wiki moja."

"Nikipumzika nitakufa."

"Basi kapatane na huyo mliyegombana naye."

"Nani kakwambia nimegombana na mtu?"

"Tumbo lako limenisimulia yote, mama. Wewe ndiye umebaki."

Tulirudi kwa miguu. Njiani tulikutana na mwalimu mmoja akitoka shuleni, kijana, mkono wa shati lake umejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kiwiko. Mama akanishika bega akanivusha upande wa pili wa barabara.

Karakanani aliketi chini, katikati ya trei ya chaki zilizovunjika, na akaniambia jambo ambalo hakukusudia kuniambia.

"Zamani nikimwona mwalimu ana vumbi kwenye mkono wa shati, nilikuwa najisikia nimeshiba. Nasema kimoyomoyo, lile ni langu. Kuna watoto mji huu wamejua kuandika majina yao kwa vumbi langu." Kwikwi. "Leo nimemwona yule kijana nikaona aibu, kama mtu aliyeuza kitu kibovu."

"Mama, labda..."

"Unajua nani aliyeianzisha karakana hii? Si mimi. Mimi nilikuwa mwalimu wa pale shuleni kwenu, yule wa kigodani mfagiaji. Chaki tulizokuwa tunaletewa zilikuwa zinavunjika kama ahadi. Siku moja akaniletea ndoo ya vipande alivyofagia. Akasema, 'Mwalimu, nimechoka kufagia masomo.' Tukavisaga jikoni kwangu, tukamimina kwenye vipande vya bomba. Chaki ya kwanza ilitoka imepinda kama kidole cha mgonjwa. Ikaandika." Kwikwi. "Miaka kumi na mmoja. Halafu ananilipa kwa kumwaga mafuta."

"Kama hakumwaga?"

"Barua imesema."

"Lakini kama..."

"Wewe mtoto, siku hizi unamtetea sana. Kwani wewe ni wakili wake?"

Nikarudi kupanga trei. Naweka kumbukumbu hapa kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili kupewa nafasi, na mara ya pili kuitupa.

Badala yake nikabuni mpango. Kila janga maishani mwangu limeanza na sentensi hiyo.

Mimi, wasomaji, nina kipaji cha hati za watu. Pale bwenini nimewahi kuandika ruhusa za matroni bora kuliko matroni mwenyewe. Siku ya tano, Mama alipokwenda tena zahanati na Babu Boksi akatoka kutafuta gundi, nilibaki peke yangu. Nikafungua milango yote miwili ili ubao uonekane toka ng'ambo. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi yangu ya shule, nikatoa chaki, nikaandika kwa herufi kubwa za Mama: Rudi.

Ubao haukuonyesha kitu.

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kijiti kimoja cha ile chaki ya mishumaa, nilichokiweka mfukoni kama kumbukumbu ya ushujaa wangu. Nikakirudisha haraka, nikachukua chaki nzima kwenye trei, nikaandika upya, chini kidogo: "Rudi. Nilikosea."

Nikajibanza nyuma ya pipa.

Bi Kalibu aliusoma ubao toka kigodani. Hakutikisika. Nilihesabu mpaka mia tatu. Kisha akasimama, akavuka barabara, akaingia.

"Toka huko nyuma ya pipa."

Nikatoka.

"Hii umeandika wewe."

"Mama Mkubwa, hiyo ni hati ya Mama kabisa..."

"Hati ni yake. Maneno si yake. Mama yako hajawahi kukosea tangu azaliwe, atajuaje kuandika nilikosea?"

Akachukua dasta, akafuta ile aibu yangu kwa mkono mpana, huku na huku. Dasta ilikuwa imejaa vumbi. Vumbi likatanda ubao mzima, jeupe, likashika kila mahali.

Isipokuwa mahali pamoja.

Juu ya maneno niliyoyaandika, katikati ya ule weupe, zilibaki herufi nne nyeusi, safi, kana kwamba ubao wenyewe ulikuwa unasema: Rudi.

Bi Kalibu alisogea. Akapitisha kidole. Akatazama ncha ya kidole. Akanyosha kiganja kwangu bila kunitazama.

"Lete."

"Nini, Mama Mkubwa?"

"Usinichezee mimi. Nimekufunga nepi. Lete."

Nikampa kile kijiti. Akakinusa mara moja tu.

"Mafuta ya kalibu yananuka kama ya taa," alisema. "Hii inanuka mshumaa. Mishumaa ya nani?"

"Ya... ya bwenini."

"Na wewe ndiye uliyecheka sana."

Hata mwizi hufika mahali akaona haya.

"Siku tano," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siku tano nimekaa juani kama nguo iliyosahaulika kambani, kwa ajili ya mshumaa. Nimeitwa mharibifu mbele ya Babu Boksi, kwa ajili ya mzaha wa kitoto cha sketi."

"Nitamwambia Mama leo. Akirudi tu. Naapa!"

"Ukifungua mdomo, nitaushona."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Sikumwambia mwanzoni kwa sababu niliogopa. Sasa nataka kusema. Mtapatana. Kwikwi itaisha..."

"Ukikiri, atanirudisha kwa sababu sina kosa. Kurudishwa kwa namna hiyo, hata koti lililoibwa hurudishwa." Akanisogelea mpaka nikaona jasi lililokuwa bado limekaukia kwenye mikunjo ya vidole vyake, baada ya siku tano bila kazi. "Mama yako alipopata ile barua hakusema, twende tukaiangalie chaki. Hakusema, labda siku ile mkono wako ulichoka. Alisema nani amemwaga. Kosa lako ni mshumaa. La kwake ni hilo. Mimi nataka aniite akiwa bado anadhani nimemwaga. Asipoweza, basi miaka kumi na mmoja nilikuwa kibarua tu na sikujua."

"Na asipokuita?"

"Kigoda ninacho."

Akanirudishia kijiti, akanikunjia vidole juu yake. "Kaa na ushahidi wako. Na uchomwe nao."

Akatoka. Alipofika mlangoni aliitazama aproni yake msumarini. Hakuigusa. Mimi nikakwangua nta na kuosha ubao kabla Mama hajarudi.

Basi nikawa mtu wa kwanza katika historia ya dhambi kukatazwa kutubu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, aliingia Kengele.

Aliingia na tai, miwani na bahasha ya kaki, akapitisha kidole juu ya meza kukagua vumbi. Katika karakana ya chaki. Akanitazama. "Wewe. Bado unacheka?"

"Hapana, Mwalimu. Nimejirekebisha."

"Hm." Akamgeukia Mama. "Mama, wakaguzi hawajaridhika. Wanataka jina."

"Jina la nani?" Kwikwi.

"La aliyeharibu chaki. Niandikie barua fupi: fulani aliharibu kwa uzembe, nami nimemfukuza kazi. Nikiwapelekea, Jumatatu tunaagiza kwako kama zamani. Shule yako ya zamani inarudi mikononi mwako." Akaweka karatasi na kalamu mezani. "Na nasikia tayari ameshaondoka. Kazi ni nyepesi. Andika tu."

Milango ilikuwa wazi. Ng'ambo, mwanamke wa kigodani alikuwa ameacha kukunja mikono.

Mama aliitazama karatasi. Kwikwi. Akaitazama ile aproni msumarini. Kwikwi. Akashika kalamu.

Mimi nilikuwa nimeshika kijiti mfukoni kwa nguvu mpaka kikakatika. Katazo la Bi Kalibu upande huu, riziki ya Mama upande ule, na mdomo katikati ukifunguka na kufungika kama wa samaki.

"Jina kamili," Kengele alisema.

Mama akaiweka kalamu chini.

"Ni mimi," akasema.

"Samahani?"

"Aliyemwaga mafuta ni mimi. Brashi nilishika mimi siku ile. Andika jina langu."

Nikasubiri kwikwi. Haikuja.

Babu Boksi akainua kichwa kutoka kwenye gundi. "Mwalimu, lakini si ulisema..."

"Gundisha!"

"Mama," Kengele alisema, "nimeambiwa kuna mfanyakazi..."

"Umeambiwa na nani? Unataka nikuandikie jina la mtu aliyenitoa jikoni akaniweka hapa? Hata kama alimwaga, hata kama alimwaga pipa zima, ni pipa letu! Sasa nenda kawaambie hao wakaguzi wako..."

"Mwongo!"

Sauti ilitoka mlangoni. Bi Kalibu alikuwa amevuka barabara. Kigoda kilikuwa kimelala miguu juu katikati ya njia.

"Mwongo mkubwa! Wewe unajua kupaka mafuta wewe? Nimekutazama siku nne unavunja chaki kama karanga! Bwana Naibu, aliyemwaga ni mimi. Andika mimi."

"Nani kakuita?" Mama akafoka.

"Wewe umeniita! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Sikukuita, nimesema pipa letu!"

"Ndiyo hiyohiyo!"

"Basi toka, nakiri peke yangu!"

"Huwezi kukiri kosa langu!"

"Lako limekuwa lako tangu lini? Karakana yangu, kosa langu!"

"Kosa lenyewe hulijui linafanywaje!"

Walikuwa wamesimama pua kwa pua, wanarushiana mate. Nilimtazama Mama usoni. Ile rangi ya majivu ilikuwa imemtoka. Shingo imesimama, macho yanawaka, na kwikwi wala haikumbukwi. Kwa siku tatu zahanati ilikuwa inatafuta dawa, kumbe dawa ilikuwa kigodani ng'ambo ya barabara.

Nikataka kulia. Nikataka pia kutoroka kupitia dirisha la nyuma, maana kuna watu hujua wakati wao wa kuondoka.

"Kimya!" Kengele akalia. Akafungua bahasha ya kaki, akatoa kitambaa, akakikunjua. Ndani yake kulikuwa na chaki moja. "Hiki ni kielelezo. Nimekifungia kabatini tangu siku ya tukio. Anayesema ameharibu, atueleze aliharibuje."

Mama akanyosha mkono.

Bi Kalibu akaurukia ule mkono. "Usishike! Achana nayo, umetoka kuugua!"

"Niache!"

"Kwikwi itarudi, nakwambia usiinuse..."

Mama akatulia. "Nani amesema nitainusa?"

Bi Kalibu akauachia ule mkono.

Mama akaichukua chaki. Akaivunja, kama anavyovunja kila chaki ya kwanza. Akaileta puani. Alinusa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Mshumaa," alisema.

Akamtazama mwenzake. "Ulijua."

"Jana tu."

"Na ukakaa kimya."

"Nilikuwa nasubiri kitu."

"Umekipata?"

"Nimekipata, Mwalimu."

Basi wakageuka, wote wawili, kwa pamoja, kama majirani wanaosikia mwizi. Baada ya siku sita za uadui walikuwa upande mmoja. Upande wa pili nilikuwa mimi.

"Wewe uliyecheka sana," Mama alisema kwa upole. Ombeni msije mkausikia upole ule. "Njoo."

Nikaenda. Akanipa nusu ya ile chaki ya nta.

"Nenda ubaoni. Andika jina la aliyeharibu chaki zangu."

"Mama, hii haiandiki."

"Najua. Nta haishiki vumbi. Andika."

Kengele alisogea nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake kisogoni. Nikaukabili ubao. Mkono ulipanda wenyewe. Nikaandika jina moja, taratibu, kwa hati yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, na nilipomaliza ubao ulikuwa mweusi tii kama nilivyoukuta.

Kulikuwa na majina mawili kichwani mwangu wakati naandika: langu, na la bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Hakuna kitu," Kengele alisema.

"Subiri," Mama alisema. "Kalibu."

Bi Kalibu alienda msumarini kwanza. Akavaa aproni, akafunga kamba nyuma, mafundo mawili. Kisha akachukua dasta iliyojaa vumbi, akanitazama jicho moja refu, akaipitisha juu ya ubao, huku na huku.

Vumbi likaanza kushika. Herufi ya kwanza ikajitokeza, nyeusi.

Kengele akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.